Muulize Mama: Ndugu yetu amefungwa ng'ambo kwa kesi ya unga, tumrudisheje?

Mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu wafungwa wa kigeni waliomo kwenye magereza yetu, nikaomba mwenye ndugu aliyefungwa nje kwa kesi ya dawa za kulevya aniandikie. Mmeniandikia wengi, na barua nyingine zimeandikwa kwa machozi. Nimechagua tano zinazobeba maswali ya wengine pia. Majina nimeyaacha, kama mlivyoomba. Kwa wanaosoma safu hii kwa mara ya kwanza: nilikuwa afisa ustawi wa wafungwa mpaka nilipostaafu, na bado watu wananifuata nyumbani na makaratasi yao.

*Shikamoo mama. Mdogo wangu aliaga kwamba anakwenda São Paulo kununua nguo na nywele za kuja kuuza. Akawa kimya mpaka tukaanza kuulizana kama yu hai. Sasa tumejua alikamatwa uwanja wa ndege wa Guarulhos wakati anarudi, sanduku lake lina kokeini, na amehukumiwa miaka 5 na miezi 10. Mama yetu ana presha, hata chakula hali. Kuna bwana mmoja Kariakoo anasema ana mtu wake ubalozini, tukimpa milioni 6 uhamisho utakuwa tayari kabla ya Ramadhani mdogo wangu amalizie kifungo hapa nyumbani. Tumeshapata mteja wa shamba letu la minazi kule Pangani. Tuuze? – Dada mkubwa, Tanga*

Marahaba mwanangu. Msiuze shamba.

Huyo bwana wa Kariakoo hana anachouza. Uhamisho wa mfungwa kutoka nchi moja kwenda nyingine ni jambo la serikali mbili kuandikiana rasmi, na mfungwa mwenyewe akakubali kwa hiari yake. Hakuna dirisha la pembeni. Ofisa wa ubalozi, hata awe na moyo wa dhahabu, hawezi kumtoa mtu gerezani Brazil kwa simu. Mkimpa milioni 6 atawaambia faili limekwama, linataka milioni 2 za kulisukuma, na baada ya hapo namba yake haitapatikana. Nimezisikia hadithi hizi kutoka kwa watu waliouza nyumba.

Sasa tuje kwenye uhamisho wenyewe, maana upo kweli. Tanzania ina sheria ya kuhamisha wafungwa tangu 2004, na inahusu wote, Watanzania walioko nje na wageni walioko kwetu. Ila sheria ni mlango tu, lazima nchi ya pili nayo ifungue wa kwake. Brazil inafungua kwa njia mbili: kuwe na mkataba, au nchi inayoomba iahidi kwamba nayo itatenda hivyo hivyo siku Brazil ikiomba. Hayo yamo kwenye sheria yao ya uhamiaji ya 2017. Sheria hiyo inataka pia hukumu iwe imekwisha, yaani hakuna rufaa inayoendelea, kosa liwe ni kosa katika nchi zote mbili, na siku ombi linapowasilishwa mfungwa awe amebakiza angalau mwaka 1 wa kifungo. Ombi linapita Wizara ya Mambo ya Nje na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi huku kwetu, na kule linaishia Wizara ya Sheria yao. Makaratasi yanatafsiriwa, yanagongwa mihuri, yanakaa mezani. Kwa kifungo cha miaka 5 na miezi 10, ambacho tayari amekitumikia kwa muda fulani, mnaweza kujikuta karatasi zinafika amebakiza miezi michache na ombi limekufa lenyewe.

Ndiyo maana nataka ukae na daftari tupige hesabu, mwanangu, kwa sababu familia nyingi hazipigi. Wanasikia "nyumbani" wanadhani ni nafuu.

Kule Brazil, mfungwa akifanya kazi siku 3 anakatiwa siku 1. Akipata kazi akaifanya siku 300, amejipunguzia siku 100. Akisoma darasani anapunguziwa pia. Hata akisoma kitabu na kuandika muhtasari unaokubaliwa, anakatiwa siku 4 kwa kila kitabu, mwisho vitabu 12 kwa mwaka, na hizo ni siku 48. Tena wana utaratibu wa kumshusha mfungwa kutoka kifungo kikali kwenda kilicholegezwa: kwa kosa la kusafirisha dawa na hana kosa la nyuma, anaweza kuombewa akishatumikia asilimia 40. Miezi 70 ya mdogo wako, asilimia 40 yake ni miezi 28, na zile siku za kazi zinahesabiwa humo humo kama alizozitumikia. Jaji akiwa amemtambua kuwa ni mbebaji tu, si mtu wa genge, asilimia inashuka zaidi. Mgeni ana haki hizi sawa na raia wa Brazil.

Geuza sasa uangalie huku. Msamaha wa Rais unapotangazwa Aprili 26 au Desemba 9, sikiliza orodha ya wasiohusika: wa dawa za kulevya wamo karibu kila mara. Parole, yaani kuachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, nayo haiwagusi. Anabakiwa na lile punguzo la kawaida la theluthi moja kwa tabia njema, basi. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 na marekebisho yake ni kali: heroini au kokeini ikizidi gramu 200 inatosha kumpeleka mtu kifungo cha maisha. Usiogope kwamba akiletwa ataongezewa, kwa utaratibu wa uhamisho nchi inayompokea haiongezi adhabu aliyopewa kule. Lakini mahali anapotokea wanamfungulia mlango mapema, na mahali mnapotaka kumleta wanaufunga. Kwa kifungo kifupi kama chake, njia ya haraka ya kufika Tanga inaweza kuwa ni kumaliza huko huko. Akimaliza watamfukuza nchini mwao, na kufukuzwa ndiko kurudi kwenyewe.

Fedha mliyotaka kumpa tapeli ikae. Fanyeni haya badala yake. Mdogo wako amehukumiwa na mahakama ya shirikisho, kwa hiyo ana haki ya wakili wa serikali anayelipwa na Brazil, kutoka ofisi inayoitwa Defensoria Pública da União. Mwambieni amdai huyo wakili mambo mawili: kama lile punguzo la mbebaji aliyekosa mara ya kwanza liliombwa, na kama jina lake limo kwenye orodha ya kazi. Andikeni kwa ubalozi wetu Brasília, mtaje jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, gereza na namba yake ya mfungwa. Ubalozi una haki ya kumtembelea kwa Mkataba wa Vienna wa 1963, ila lazima yeye mwenyewe akubali. Wengi wanakataa kwa aibu. Wanawaambia askari "sina ubalozi", halafu nyumbani watu wanalalamika kwamba serikali imemtupa.

Ajifunze Kireno, kwa nguvu zake zote. Wageni wa kiume wengi katika jimbo la São Paulo hukusanywa gereza la Itaí, na wasioelewa lugha ndio wanaopitwa na kazi, darasa na hata zamu ya daktari.

Na mwandikieni. Barua ya karatasi, yenye stempu. Nilikuwa na mfungwa mmoja kutoka Afrika Magharibi, kesi ya kete alizomeza. Kila siku ya barua alikuja kusimama mbele ya meza yangu, haulizi kitu, anaangalia tu mikono yangu inavyopanga bahasha. Siku alipopata yake, ilikuwa kutoka kwa dada yake, ukurasa mmoja, nusu yake inahusu mbuzi aliyezaa mapacha. Aliisoma wima, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pindo la kaptura aliloshonea mwenyewe. Kuanzia wiki ile alianza kula vizuri na akaomba kazi ya useremala. Kwa hiyo mama yako asijilazimishe kutafuta maneno mazito. Aandike minazi imezaaje, nani kaoa, mvua imenyesha au la.

*Mama, kwa heshima zote sikubaliani nawe. Mwanangu wa kwanza ni mtumiaji wa heroini, kila asubuhi nampeleka kliniki kunywa methadone, dawa ya kumsaidia kuacha. Hawa punda ndio waliotuletea sembe mitaani. Leo mnatafuta huruma wakifungwa China na Brazil? Kodi yangu isitumike kumrudisha hata mmoja. – Baba mwenye uchungu, Morogoro*

Baba, pole. Hongera pia kwa kuamka kila asubuhi na kijana wako, kliniki hizo tangu ile ya kwanza ya Muhimbili mwaka 2011 zimeokoa vijana ambao mtaa ulikuwa umeshawazika. Uchungu wako ni wa haki na sitajaribu kuupunguza.

Siombi wafungwa hawa waachiwe. Uhamisho ni kutumikia kifungo kile kile mahali pengine, na wengi wao nimeeleza hapo juu hawataupata na wala hauwafai. Ninachokitaka ni kwamba wasisahauliwe, na sababu yangu inamhusu mwanao pia.

Yule aliyekamatwa na sanduku ndiye anayejua nani alimlipia tiketi. Anajua gesti aliyofungiwa akimezeshwa kete, gari lililompeleka uwanjani, namba iliyokuwa inampigia. Mzungu wa unga, yaani tajiri mwenye mzigo, hajawahi kupanda ndege na mzigo tumboni, na punda akifungwa miaka 14 ng'ambo bila mtu wa kwao kumtembelea, siri zote zinafungwa naye na mzungu wa unga anatafuta kijana mwingine kesho yake.

Nikupe mfano. Hong Kong kulikuwa na padri Mkatoliki mzaliwa wa Australia, John Wotherspoon, aliyewahudumia wafungwa kwa miaka mingi. Mwaka 2013 aliona Waafrika wanazidi kujaa gerezani, Watanzania wakiwa miongoni mwao, akawaomba waandike barua za wazi kwa watu wa kwao. Wakaandika. Walieleza walivyodanganywa, walivyoahidiwa fedha, na adhabu zilivyo nzito kule, kisha akazisambaza ili zifike Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.  Waliandika ili mtoto wa mwingine asiingie kwenye ndege. Mtu wa namna hiyo, baba, mimi niko radhi shilingi yangu ya kodi imlipie ofisa wa ubalozi nauli ya kwenda kumsikiliza.

*Asalaam aleikum mama. Binti yangu yuko rumande Vietnam, amekamatwa na mkoba wenye dawa. Anasema alitumwa mizigo ya biashara na mwanamke tunayemjua hapa Mombasa. Kesi haijaanza. Tangu ile habari ya Mkenya mwenzetu kuhukumiwa kifo Ho Chi Minh, Machi 2025, sipati usingizi. Kuna lolote mzazi anaweza kufanya? – Baba, Likoni*

Waaleikum salaam, mzee wangu. Lipo, na mengine ni ya kufanya sasa hivi kabla kesi haijasomwa.

Kwanza habari ambayo huenda haijakufikia: Juni 2025 bunge la Vietnam lilifuta adhabu ya kifo kwa makosa 8, na mojawapo ni kusafirisha dawa za kulevya. Imeanza kutumika Julai 1, 2025. Waliokuwa wamehukumiwa kifo kwa makosa hayo na bado hawajauawa, hukumu zao zinabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Hiyo si adhabu ndogo, najua, lakini mtu aliye hai anaweza kuombewa.

Sasa sikiliza vizuri. Kufanya biashara ya dawa, yaani kuuza na kununua, bado kuna adhabu ya kifo. Kwa hiyo neno moja kwenye hati ya mashtaka ya binti yako ni uhai wake. Sheria yao ya jinai inatenganisha: kifungu cha 250 ni kusafirisha, kifungu cha 251 ni biashara. Mwulize wakili wake ameshtakiwa kwa kipi. Muulize leo, na jibu ulipate kwa maandishi. Kama ni 251, kazi ya utetezi ni kuonyesha kwamba alikuwa mbebaji, hakuwa na soko wala mteja.

Na ushahidi wa jambo hilo uko Mombasa, kwako. Yule mwanamke mnayemjua. Ujumbe wa simu, sauti alizotuma, risiti ya tiketi na jina la aliyeilipia, picha walizopiga pamoja, majirani waliomwona akija nyumbani. Usifute kitu, usimpigie kumtukana akashtuka. Chukua simu yenyewe uende nayo kwa polisi wa kupambana na mihadarati walio chini ya idara ya upelelezi, DCI, uandikishe taarifa, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Nakala ya taarifa hiyo ipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, idara ya masuala ya diaspora, waitume kwa ubalozi unaoshughulikia Vietnam. Najua mtaani watasema umemchongea mtu. Wacha waseme.

Kwa nini nakazia hapo? Nakuletea kisa cha Mary Jane Veloso wa Ufilipino. Alikamatwa Yogyakarta, Indonesia, Aprili 2010, sanduku lake lina kilo 2.6 za heroini. Alisema alikuwa anakwenda kutafuta kazi za ndani na sanduku alipewa na mwenyeji wake. Akahukumiwa kifo. Aprili 2015 alikuwa tayari amepelekwa kisiwani kwenye kikosi cha kupigwa risasi pamoja na wengine, wakiwemo Waaustralia wawili wa lile kundi la watu tisa lililokamatwa Bali mwaka 2005. Wale wengine waliuawa usiku ule. Yeye aliondolewa dakika za mwisho, kwa sababu kwao Ufilipino mwanamke aliyedaiwa kumsafirisha alikuwa amejisalimisha polisi, na serikali yake ikasema tunamhitaji huyu kama shahidi. Kesi ya nyumbani ndiyo iliyomwokoa.

Na hakurudi haraka. Indonesia haikuwa na sheria ya kuhamisha wafungwa. Ilichukua serikali kubadilika, mawaziri kukaa, wakatiliana saini makubaliano Desemba 6, 2024, na tarehe 18 mwezi ule ule akatua Manila akiwa bado mfungwa. Akapelekwa gereza la wanawake la Mandaluyong. Watoto wake aliowaacha wadogo walimpokea wakiwa vijana. Siku chache kabla, Waaustralia watano waliobaki wa lile kundi la Bali walirudishwa kwao. Mwezi Februari 2025 Mfaransa Serge Atlaoui, aliyefungwa Indonesia pia kwa kesi ya dawa, naye akarudi kwao. Nchi isiyokuwa na sheria ilikubali kwa sababu serikali za kwao hazikuchoka kuuliza, mwaka baada ya mwaka, rais hadi rais.

Kenya yenu ina sheria ya kuhamisha wafungwa tangu 2015, kwa hiyo upande wenu mlango upo. Hilo ni la baadaye, baada ya hukumu na rufaa. Mbunge wenu mwone mapema, atajwe binti yako bungeni kwa jina kama familia inaridhia. Na usisubiri kuitwa. Ofisi inayokuona kila mwezi haiwezi kulisahau faili lako.

*Mwanangu yuko gerezani Hong Kong. Mjukuu wangu ana miaka 9, nilimwambia mama yake yuko Dubai anafanya kazi. Juzi amerudi shule analia, wenzake wamemwonyesha kwenye simu. Sasa haongei nami. – Bibi, Mwanza*

Shikamoo bibi. Ulimdanganya kwa mapenzi na yeye atalielewa hilo akikua, ila uongo umeshakufa na usijaribu kuufufua. Mwite leo jioni, watu wengine wasiwepo. Mwambie: mama yako alibeba dawa mbaya, akakamatwa, anatumikia adhabu, yuko hai na anakupenda, na mimi nilikuficha kwa sababu niliogopa ungeumia. Mpe nafasi akukasirikie. Usimseme mama yake vibaya, na wala usimsifu kuwa hana kosa.

Halafu mpe kalamu. Gereza linapokea barua kutoka nje, na mfungwa anaruhusiwa kuandika. Mtoto achore, aandike anachotaka, hata kama ni kumlaumu mama. Nimeona akina mama waliolia kwa barua ya lawama kutoka kwa mtoto wao, lakini waliitunza kuliko zote, kwa kuwa mtoto anayelaumu bado anamngoja mtu. Mwalimu wake mweleze ukweli pia, aziweke simu zile za wenzake mbali. Hili la mwisho ni jukumu la shule na usione haya kulidai.

*Mama, mpwa wangu alikamatwa Hong Kong na gramu 900 za kokeini. Alikiri, akapewa miaka 14. Tatizo ni kwamba alisafiri na pasipoti ya nchi nyingine, jina si lake. Magazeti ya kule yamemwandika kama raia wa nchi hiyo. Ubalozi wetu tunaupigia, wanasema jina hilo si la Mtanzania. Tunaweza kumwombea uhamisho? – Mjomba, Unguja*

Mjomba, uhamisho muuweke kando kabisa kwa sasa. Hong Kong huhamisha wafungwa kwenda nchi ilizokubaliana nazo, na inamhamisha mtu kwenda kwao. Mpwa wako kwa sasa hana kwao. Kwenye karatasi za gereza yeye ni mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ndiye atakayerudishwa, kwenye nchi isiyomjua.

Kwanza pumueni kidogo kuhusu miaka 14. Kwa uzito ule, mahakama za Hong Kong huanzia miaka 20 na zaidi. Kwa kukiri mapema alipunguziwa theluthi moja, ndiyo maana imefika 14. Humo ndani, mwenye nidhamu anasamehewa theluthi nyingine, kwa hiyo akitulia atatumikia kama miaka 9 na miezi 4, na muda aliokaa rumande umo. Asiharibu theluthi hiyo kwa ugomvi wa sigara. Mwambieni hivyo kwa maneno yenyewe.

Kazi yenu ni jina lake. Mtu aliyemaliza kifungo akiwa hana utambulisho anaweza kukaa kizuizini uhamiaji akisubiri nchi ya kumkubali, na hiyo haihesabiwi popote, ni siku za bure. Kwa hiyo anzeni mapema, msingoje mwaka wa tisa.

Yeye mwenyewe aandike, kwa mkono wake, barua ya kukiri kwamba jina la pasipoti si lake na kutaja jina lake halisi, alikozaliwa, wazazi, shehia na shule aliyosoma. Ampe ofisa ustawi wa gereza na aombe waziwazi kuonana na maofisa wa ubalozi wa Tanzania nchini China. Ataogopa kwamba atafunguliwa kesi nyingine ya pasipoti. Hofu hiyo ina msingi, kwa hiyo kabla ya kuandika azungumze na wakili wake wa msaada wa kisheria, amshauri wakati na namna ya kulisema. Lakini alisema mapema, asilifiche mpaka siku ya kutoka.

Nyinyi huku kusanyeni cheti chake cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, cheti cha shule chenye picha, na pasipoti yake ya kweli kama aliwahi kuwa nayo, hata iliyoisha muda. Tafuteni picha zake za utotoni akiwa na ndugu, nyuma yake mwandike mwaka na mahali. Sheha awaandikie barua ya kumtambua, yenye muhuri. Wazazi wake wale kiapo mbele ya hakimu. Kama baba yake bado yu hai na afya yake si nzuri, kiapo chake kitangulie.

Tengenezeni nakala tatu za kila karatasi. Moja ipelekwe Wizara ya Mambo ya Nje, ofisi yao ya Zanzibar, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye barua yenu ya kuwasilisha. Moja aitume mtu kwa wakili wake kule. Moja ibaki kwenye sanduku la mama yake, na asiazimwe mtu yeyote atakayekuja kusema anaijua njia ya mkato.